SOMO LA VIJANA NA WAZAZI: KUPANDA GARI UGENINI
Jinsi mwanafunzi anavyoweza kujifunza usafiri wa treni na basi huko Ujerumani



Siku hizi katika parokia nyingi hukosi familia yenye kijana anayejitayarisha kwenda Ujerumani. Wengine wanaenda chuo kikuu. Wengine wanaenda kujifunza uuguzi huku wakifanya kazi hospitalini. Tangu Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi mkataba wa wafanyakazi mjini Berlin wakati Rais William Ruto alipokutana na Kansela Olaf Scholz, hamu ya vijana imezidi. Tunafanya harambee, tunauza ng'ombe, tunalipa masomo ya Kijerumani. Tunamnunulia koti zito na sanduku. Lakini ni nani anayeketi na huyo kijana kumwambia jinsi ya kupanda basi?

Utasema, "Kupanda basi ni kitu gani cha kufundisha mtu mzima?" Basi tusome pamoja. Utaona ya kwamba jambo hili dogo laweza kumtoa mtu pesa, laweza kumfikisha kwa polisi, na laweza hata kuharibu masomo yake.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili msomaji aweze:
1. Kueleza tofauti kati ya matatu ya kwetu na usafiri wa kule.
2. Kujua tikiti ni nini, inagongwa wapi, na usipokuwa nayo inakuwaje.
3. Kusoma saa na ratiba bila kuchanganyikiwa.
4. Kujua la kufanya ukipotea au ukikamatwa.

Tutatumia mji wa Berlin kama mfano. Miji mingine ina mambo yake madogo madogo, lakini msingi ni mmoja.

1. MAKANGA HAYUKO

Kwetu, gari linaongozwa na mdomo. Makanga anaita njia, anakwambia nauli, anakusogeza kiti, anakudai pesa, na ukimwambia "shukisha Posta" anagonga bodi na gari linasimama. Hata kama hujui mji, huwezi kupotea sana. Kazi yote ya kufikiri anaifanya makanga. Tena huwezi kusafiri bure, maana atakufikia tu.

Ujerumani hakuna makanga. Ile kazi yake yote umeachiwa wewe abiria. Wewe ndiwe utakayejua njia, ndiwe utakayejua nauli, ndiwe utakayenunua tikiti kwa mashine au kwa simu kabla ya kupanda, na ndiwe utakayejua pa kushukia. Dereva wa treni humwoni hata uso. Katika mabasi ya Berlin dereva hapokei noti wala sarafu.

Jambo la pili linalowashangaza wageni: hakuna geti. Katika treni za chini ya ardhi za Berlin mtu anateremka ngazi, anafika kwa treni, mlango unafunguka, anaingia. Hakuna aliyemwuliza kitu. Kijana mgeni akiona hivyo siku tatu mfululizo anaanza kusema moyoni, "Kumbe huku ni bure!" Si bure. Ni kwamba wameamini ya kuwa kila mtu amelipa, halafu wanatuma wakaguzi kwa ghafla. Wakaguzi wengine wamevaa nguo za kawaida kama abiria. Milango ikishafungwa ndipo wanatoa vitambulisho na kusema tikiti zionyeshwe. Hapo hakuna pa kukimbilia.

2. TIKITI, NA MASHINE YA KUGONGA

Hapa ndipo vijana wengi waaminifu wanaponaswa. Mtu amenunua tikiti ya karatasi kwa pesa yake, ameiweka mfukoni, amekaa kwa amani. Mkaguzi anaitazama na kusema haifai. Kwa nini? Haikugongwa.

Tikiti ya karatasi ya safari moja mara nyingi haina saa ya kuanza. Lazima uiingize katika kisanduku kidogo kilichosimama penye jukwaa la treni, au ndani ya basi au tramu, kikaigonga tarehe na saa. Bila huo muhuri ni kama hujaanza kuitumia, maana ungeweza kuitumia tena kesho. Kwa treni, gonga kabla ya kuingia. Mkaguzi hatakubali maneno ya "sikujua", hata kama ni kweli.

Tikiti ya kawaida ya safari moja Berlin ina nguvu kwa saa mbili. Unaweza kutoka kwa treni uingie basi, kisha tramu, kwa tikiti hiyo hiyo. Lakini ni kwa kwenda mbele tu. Kwenda sokoni na kurudi, hata ukichukua dakika arobaini, ni tikiti mbili.

Pia mji umegawanywa katika maeneo matatu, A, B na C. A ni katikati ya mji, B ni hadi mpaka wa mji, na C ni nje yake. Uwanja wa ndege wa BER, uliofunguliwa Oktoba 2020, uko katika C. Kwa hiyo siku ile ya kwanza kabisa, kijana akitoka kwa ndege amechoka na masanduku mawili, tikiti ya AB haitoshi. Anahitaji ABC. Mwandikie hilo katika karatasi aweke ndani ya pasipoti.

Na hizo tikiti moja moja ni ghali kwa mtu wa kusafiri kila siku. Mwanafunzi aulize mambo mawili mapema:

(a) Chuo changu kina tikiti ya muhula? Katika vyuo vikuu vingi tikiti ya usafiri imo ndani ya malipo ya muhula, unalipa pamoja na ada ya wanafunzi. Kuna watu wamenunua tikiti za mashine wiki nzima kumbe walishalipa.

(b) Kama sivyo, je, tikiti ya mwezi ya nchi nzima itanifaa? Hii inaitwa Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda kuwa 58 Januari 2025 na 63 Januari 2026. Inakubaliwa katika mabasi, tramu, treni za mjini na treni za mikoani nchi nzima. Haikubaliwi katika zile treni za mwendo wa kasi na za masafa marefu zenye herufi ICE, IC au EC. Tikiti hii ina jina lako, huwezi kumwazima rafiki. Tena inakatwa kwa benki kila mwezi mpaka wewe mwenyewe uisimamishe, na ni lazima ufanye hivyo kufikia tarehe 10 ili ikome mwisho wa mwezi huo. Ukisahau, wanakata tena. Ikiwa iko kwa simu, chunga chaji. Simu iliyozima haiwezi kuonyesha tikiti.

3. UKISHIKWA BILA TIKITI

Tuseme ukweli bila kuficha. Faini ni euro 60. Mwishoni mwa 2025 hiyo ilikuwa yapata shilingi 9,000. Sasa ipime kwa mfuko wa mwanafunzi. Tangu Septemba 2024 mtu anayeomba viza ya masomo huonyesha akiba ya euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi. Humo kuna kodi ya nyumba, bima, chakula na kila kitu. Euro 60 ni karibu pesa ya siku mbili za maisha yake, imekwenda kwa safari ya dakika kumi.

Lakini faini si mwisho. Sheria ya jinai ya Ujerumani, kifungu 265a, inasema kusafiri kwa makusudi bila kulipa ni kosa, na adhabu yake ni faini ya mahakama au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Mara nyingi anayeshikwa mara moja anaishia kwa zile euro 60. Anayeshikwa tena na tena anaweza kushtakiwa. Na kuna watu huko waliofungwa jela kwa sababu walishindwa kulipa faini ya mahakama iliyotokana na nauli tu. Kwa mtu ambaye kila mara anaomba kuongezewa kibali cha kukaa, kesi ya jinai si mchezo.

Jambo ninaloliogopa zaidi kama mfanyakazi wa jamii ni kunyamaza. Kijana anashikwa, anapewa karatasi, anaona aibu. Hataki kuwaambia wazazi waliochanga. Anaficha karatasi chini ya godoro. Inakuja barua, haifungui maana Kijerumani chake bado. Inakuja nyingine kutoka kwa wakusanya madeni, na deni limeongezeka. Kilichokuwa euro 60 kimekuwa mzigo, na huyo kijana hasomi tena, anawaza tu. Wazazi, mwambieni mapema: "Likikupata jambo, sema. Hatutakupigia kelele."

Ukikamatwa, fanya hivi:
- Usikimbie, usigombane. Kukimbia kunageuza jambo dogo kuwa kubwa.
- Mwombe mkaguzi akuonyeshe kitambulisho. Ukitoa pesa, dai risiti.
- Kama una tikiti ya mwezi yenye jina lako lakini umeisahau nyumbani, sema hivyo. Ukiipeleka ofisini katika muda ulioandikwa kwenye karatasi, unalipa ada ndogo tu badala ya euro 60.
- Lipa kabla ya siku iliyoandikwa. Ukishindwa, nenda kwa ofisi ya ushauri wa wanafunzi chuoni na barua mkononi. Kuomba kulipa kidogo kidogo si aibu.

Neno moja la kutayarisha moyo. Kwa miaka mingi Wajerumani wamemwita asiye na tikiti "Schwarzfahrer", ambalo neno kwa neno ni "msafiri mweusi". Halikutungwa kumsema Mwafrika. Hata hivyo linauma masikioni, na mashirika ya usafiri ya Berlin na Munich yameliacha katika miaka ya karibuni. Kijana akilikuta kwenye kibao cha zamani asidhani kimeandikwa kwa ajili yake.

4. SAA: HAPA SISI WASWAHILI TUNA KAZI MBILI

Ratiba zote zinaandikwa kwa saa 24. Sisi tunahesabu kuanzia macheo. Jifunze kugeuza hivi:
- Kutoka 07:00 hadi 18:00, toa sita. 14:10 ni saa nane na dakika kumi mchana.
- Kutoka 19:00 hadi 24:00, toa kumi na nane. 19:30 ni saa moja na nusu jioni.
- Kutoka 01:00 hadi 06:00, ongeza sita. 05:12 ni saa kumi na moja na dakika kumi na mbili alfajiri.

Kuna mtego mwingine. Mjerumani akisema "halb acht", maneno yake ni "nusu" na "nane". Aliyesoma Kiingereza anaruka kudhani ni 8:30. La! Ni 7:30. Wao wanahesabu nusu ya kuelekea saa ile inayokuja. Hapo mtu anachelewa saa nzima, na hakosi lawama. Mwanafunzi wa uuguzi ambaye zamu ya asubuhi inaanza alfajiri hawezi kubahatisha. Akiambiwa saa kwa mdomo, aombe aandikiwe.

Angalia pia siku. Ratiba ina safu tatu: Montag–Freitag ni Jumatatu hadi Ijumaa, Samstag ni Jumamosi, na Sonn- und Feiertag ni Jumapili na sikukuu. Basi la kila dakika kumi siku ya kazi laweza kuwa la kila nusu saa Jumapili. Tena Jumapili ya mwisho ya Machi saa zao husogezwa mbele, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba zinarudishwa. Kwa hiyo wakati wa baridi wako nyuma yetu kwa saa mbili, na wakati wa joto kwa saa moja.

Sasa usije ukadhani treni zao hazichelewi. Mwaka 2024, katika kila treni 100 za masafa marefu za shirika la reli la Ujerumani, zilizofika kwa wakati hazikufika 63. Hii ni licha ya kwamba treni iliyochelewa chini ya dakika sita huhesabiwa imefika kwa wakati. Kwa hiyo ukiwa na mtihani au miadi ya kibali, usipande treni ya kukufikisha barabara. Panda ile iliyo mbele yake.

5. KUJUA NJIA

Vibao ni rahisi ukishavijua. Duara la kijani lenye S ni treni za mji zinazopita zaidi juu ya ardhi. Mraba wa buluu wenye U ni treni za chini ya ardhi. Kibao cha manjano chenye H ya kijani ni stegi ya basi au tramu. Ausgang ni njia ya kutoka.

Upande unaoelekea haujulikani kwa "kwenda tauni" au "kutoka tauni". Unajulikana kwa jina la kituo cha mwisho. Kabla ya kutoka nyumbani andika mambo matatu: namba ya gari, jina la kituo cha mwisho upande ule, na kituo chako cha kushuka.

Hebu tufanye safari moja. Umetua BER na chumba chako kiko karibu na kituo cha Gesundbrunnen. Unanunua tikiti ya ABC na kuigonga. Unapanda S9 mpaka Treptower Park. Hapo unabadili kuingia treni ya mzunguko inayozunguka mji. Zipo mbili: S41 inazunguka kama mishale ya saa, S42 inazunguka kinyume. Treptower Park iko kusini-mashariki na Gesundbrunnen iko kaskazini, kwa hiyo yako ni S42. Ukikosea ukapanda S41, kituo kinachofuata utasikia Sonnenallee. Usilie. Shuka, vuka upande wa pili, rudi. Mzunguko wote ni kilomita 37 na unachukua kama saa moja, basi hata ukilala usingizi hutaenda Poland.

Mengine ya kukumbuka:
- Katika treni na tramu nyingi mlango haufunguki wenyewe. Bonyeza kitufe. Ndani ya basi bonyeza kitufe kabla ya kituo chako, la sivyo dereva anapita.
- Waache wanaoshuka washuke kwanza. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, wenye haraka wapite kushoto.
- Ukiona maneno Schienenersatzverkehr au herufi SEV, jua reli inatengenezwa na kuna mabasi badala yake. Ongeza muda.
- Treni nyingine za mikoani hukatwa vipande viwili njiani, mbele inakwenda huku na nyuma kule. Soma kibao cha behewa lako, si cha treni tu.
- Usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni za chini ya ardhi Berlin hukesha. Siku nyingine yapo mabasi ya usiku yenye herufi N.

Kwa mabinti zetu hasa: usiku kaa karibu na dereva. Katika mabasi ya Berlin, baada ya saa mbili usiku, unaweza kumwomba dereva akushushe kati ya vituo viwili ili usitembee mbali gizani, naye akiona ni salama hukubali. Jukwaani kuna nguzo ya kuita msaada. Polisi ni 110, gari la wagonjwa na zimamoto ni 112. Namba hizi ni bure.

6. ULE UKIMYA

Ndani ya treni watu hawasalimiani. Kila mtu anatazama simu au dirisha. Kijana wa kwetu, aliyezoea matatu yenye muziki na hadithi, anaweza kudhani anachukiwa. Kiti cha pembeni yake kikibaki wazi anaumia. Pengine yuko asiyempenda, hilo halikosekani popote. Lakini mara nyingi ni desturi tu, hata wao kwa wao hawasemeshani. Ukihitaji msaada, anza na "Entschuldigung", yaani samahani, kisha uliza. Wengi watakuonyesha. Kuuliza si ujinga.

ZOEZI LA NYUMBANI KABLA YA SAFARI

Wazazi na viongozi wa vijana, msingoje uwanja wa ndege.
- Mwezi mzima kabla ya kusafiri, kijana aweke simu yake kwa saa 24 na aishi kwa saa hiyo.
- Apewe ramani ya treni za Berlin au ya mji anakokwenda, na kila jioni atafute safari moja: namba, kituo cha mwisho, pa kubadilia.
- Kama yuko Nairobi au Mombasa na ana uwezo, apande treni ya Madaraka Express, iliyoanza 2017, aizoee tikiti yenye behewa na kiti, na treni isiyomngoja mtu.
- Ajipangie bajeti ya usafiri ya mwezi pamoja na chakula na kodi, si ile ya "nitaona nikifika".

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kazi zipi za makanga zinamwangukia abiria huko Ujerumani? Zitaje tano.
2. Mtu mwenye tikiti ambayo haikugongwa ana kosa gani? Mngemshaurije?
3. Geuza saa hizi kuwa za Kiswahili: 06:00, 13:45, 21:20. "Halb neun" ni saa ngapi?
4. Kwa nini kijana huficha barua ya faini? Sisi wazazi tunachangiaje hofu hiyo?
5. Kama hakuna anayekukagua, kwa nini ulipe?

Lile swali la mwisho msiliharakishe. Mwulizeni kila kijana ajibu kwa maneno yake mwenyewe, na wazazi wasikilize bila kumkatiza. Kijana mwenye jibu lake mwenyewe atakuwa salama kuliko aliyekaririshwa.

Majibu ya swali la 3: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane kasorobo mchana, saa tatu na dakika ishirini usiku. "Halb neun" ni 8:30, yaani saa mbili na nusu.